Filta Kuukuu, Maboksi Mapya

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Mwanamke, anayejulikana kwenye kituo cha pikapu kwa jina la Mama Breki
Umri: Miaka 46
Kazi: Mmiliki na dereva wa pikapu ya mizigo, mwenyekiti wa umoja wa wenye pikapu
Makazi: Nyumba yenye geti la bluu, nyuma ya kiwanda cha mbao
Uhusiano na mtuhumiwa: Shemeji. Mtuhumiwa ni mdogo wa mume wake
Maelezo yameanza kuandikwa: Jumapili, tarehe 10, saa nne na dakika ishirini asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeonywa kwamba niseme kweli tupu, nami nimekubali. Afande ameniomba pia nisiingize utani. Nimemwambia nitajitahidi, ila mtuhumiwa ni shemeji yangu, na tangu niolewe katika nyumba ile mimi na yeye hatujawahi kuzungumza bila kutaniana, kwa hiyo ukinitoka anisamehe.

Naanza na oili, maana bila oili kesi hii isingekuwapo.

Sisi wenye pikapu kituoni tuko tisa. Tunabeba makochi, mabati, saruji na vyombo vya watu wanaohama. Zamani kila mmoja alinunua oili yake dumu moja moja kwenye duka la spea la pale kona, na filta moja moja, kwa bei inayotegemea mwenye duka ameamkaje. Akiamka vizuri bei ilikuwa mbaya, akiamka vibaya ilikuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo tulikuwa tunaahirisha. Mtu anatakiwa kumwaga oili mwezi huu, anasema mwezi ujao, oili inageuka lami, injini inaanza kukohoa, na mwisho fundi anaitwa kufungua injini nzima. Mwaka jana injini mbili zilikufa hivyo kituoni kwetu. Moja ilikuwa yangu, na niliilia kama mtu.

Baada ya msiba huo nilisimama kikaoni nikasema tuchange, tukanunue kwenye duka la jumla, oili pipa zima na filta kwa katoni. Walibisha kidogo kama kawaida ya wanaume wakisikia wazo zuri ambalo si lao, kisha wakakubali, na uenyekiti wakanipa mimi kwa kuwa ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote. Hilo si utani, afande, ndivyo walivyosema wenyewe. Pipa la kwanza tulilileta kwa pikapu yangu, limefungwa kamba kama ng'ombe wa maonyesho, na wenzangu wanane wakalisindikiza kwa honi hadi nyumbani. Tangu siku ile hakuna gari letu lililokunywa oili chafu. Tunamwaga kwa wakati, na kilichobaki mfukoni kinabaki mfukoni.

Mzigo tuliuweka kwa mama mkwe wangu, ambako sote tunaishi, katika chumba cha uani. Mama alikuwa mfanyabiashara wa vyombo sokoni kwa miaka thelathini, na chumba kile kilikuwa stoo yake mpaka miguu ilipomkataza kusimama kutwa. Uani kwake ndiko shemeji anakofanyia ufundi wake, kwa hiyo tuliona ni heri oili na fundi wakae pamoja. Mama alitupa chumba bure kwa sharti moja tu, pipa lisiguse ukuta aliopaka rangi.

Sasa naomba afande aniandike vizuri hapa, maana ndipo kesi ilipozaliwa.

Mwenzetu mmoja kituoni tunamwita Mpaka Nione. Huyu ukimwambia jua limetoka atatoka nje kuhakikisha. Mwezi wa kwanza tu wa umoja wetu alianza kunung'unika kwamba atajuaje kama filta yake imebadilishwa kweli. Labda fundi anamwaga oili tu, filta ya zamani anaiacha humo humo, na ile mpya anaipeleka anakojua. Maneno yakaanza kusambaa. Nami sikutaka umoja ufe kwa ajili ya maneno, nikaweka utaratibu. Fundi akitoa filta mpya kwenye boksi lake na kuifunga garini, ile kuukuu aliyoitoa aigeuze ichuruzike, aifunge kwa nailoni, aandike juu yake jina la gari kwa rangi nyeupe, kisha aitie ndani ya boksi la ile mpya na kulifunga. Boksi linarudi rafu ya chini. Kila tarehe 15 ya mwezi tunakutana uani, kila mwenye gari anafungua boksi lake, anaona filta yake kuukuu kwa macho yake, anaridhika, na tunatupa. Siku hiyo tunaiita siku ya kufungua maboksi. Mpaka Nione huja na miwani.

Utaratibu huu ulituondolea ugomvi wote. Mafundi wengi humwonyesha mteja filta ya zamani, lakini kuitunza mwezi mzima ndani ya boksi safi kama zawadi ya harusi, hilo nadhani ni sisi peke yetu.

Kitu ambacho hatukukifikiria ni kwamba mama mkwe hajui habari za filta. Anajua habari za mali. Kila siku alikuwa anapita kwenye stoo, na alichokiona ni hiki: mwanawe anatoka na boksi asubuhi, na jioni boksi lile lile linarudi rafuni. Kesho linatoka jingine, nalo linarudi. Rafu inazidi kujaa. Kwa mwanamke aliyeuza sokoni miaka thelathini, hiyo ilikuwa na maana moja tu, kwamba mwanawe anazungusha bidhaa na hakuna anayenunua. Ameniambia leo asubuhi kwamba kwa majuma mawili alikuwa anamtazama akirudisha boksi na moyo unamuuma, na akanyamaza ili asimwaibishe mtoto wa kiume.

Mnamo tarehe 6 ya mwezi huu, siku ya Jumatano, majira ya saa nne asubuhi, mama aliniita nimpeleke mahali. Shemeji hakuwapo. Alikuwa ameondoka tangu saa mbili kwenda kwenye lori la maji lililokwama barabarani, mbele ya daraja, na alirudi saa kumi jioni akiwa na tope hadi masikioni. Mume wangu naye alikuwa amelala, kwa kuwa ni mlinzi wa zamu ya usiku. Nilimkuta mama kando ya mlango wa uani ana gunia, limefungwa kamba vizuri. Nilitaka kulibeba akakataa, tukalishika wote wawili. Lilikuwa zito.

Afande ameniuliza kwa nini sikutazama kilichomo. Nimemjibu kwa kumuuliza kama yeye ana mama mkwe. Amesema anaye. Nimemuuliza kama amewahi kufungua gunia la mama mkwe wake. Ameniambia niendelee.

Aliniambia twende duka la spea la kona. Nilishangaa kidogo, kwa sababu tangu tuanze kununua kwa jumla mwenye duka yule akituona hugeuza uso, tumemkosesha wateja tisa kwa mpigo. Lakini siku ile alipomwona mama akiingia na mzigo alitabasamu mpaka jino la mwisho. Mimi nilibaki kwenye usukani. Nikiwa hapo shemeji alinipigia simu akiwa huko darajani, kuniomba nikipata nafasi nimpelekee kamba ya kuvutia. Nilimwambia niko na mama. Akauliza mama ana shughuli gani mjini. Nikamwambia aache umbea, hiyo ni shughuli ya wanawake. Kwa hiyo kama yeye ndiye aliyemtuma mama, kama alivyowaambia askari, basi alimtuma bila kujua amekwenda wapi. Simu yangu iko kwa afande, saa aliyopiga inaonekana.

Mama alitoka dukani gunia likiwa tupu na yeye anaimba kwa sauti ya chini. Sikumuuliza kitu. Niliona amefurahi, na ile furaha ilinitosha.

Yaliyotokea dukani nimeyasikia leo kutoka kwa mama mwenyewe na kwa mwenye duka, wote wakiwepo. Mama aliweka maboksi kumi na mawili mezani, akasema ni mali ya mwanawe fundi na bei ni maelewano. Hakuyafungua, kwa sababu sokoni wanajua boksi likishafunguliwa bei inashuka. Mwenye duka naye hakuyafungua, kwa sababu alidhani umoja wetu umeshindwa na tunatupa mzigo, akaona ni heri anunue upesi kabla bibi hajashtuka. Alimpa bei ya kutupa. Hivyo watu watatu tulilisindikiza lile gunia, na kila mmoja alikuwa na sababu yake nzuri ya kutotazama ndani.

Jumamosi tarehe 9 asubuhi mteja wa mwenye duka, mwalimu mkuu wa shule ya jirani, alinunua filta moja. Alilifungua boksi akiwa amevaa suruali nyeupe. Nasikia ile nailoni ilikuwa imetoboka, oili iliyobaki ikamwagikia suruali. Mwalimu alirudi dukani na suruali yake kama ushahidi, mwenye duka akafungua maboksi mengine yote, na hapo akaja kwenu kushtaki kwamba fundi wetu anatia filta kuukuu kwenye maboksi mapya na kuuzia watu.

Saa nane mchana wa siku hiyo askari wawili walifika uani. Mimi nilikuwapo, nilikuwa nimerudi kuangalia mafuta ya breki. Mama hakuwapo, alikuwa kwa dada yake. Askari mmoja alimwambia shemeji kwamba mama yake ameuza filta za zamani kwa hila, na wanamhitaji mama huyo kituo cha polisi. Nilimwona shemeji akifikiri. Haikuchukua muda. Alifuta mikono yake, akasema, "Mama hajui lolote. Nilimtuma mimi."

Nilifungua mdomo, akanitazama, nikaufunga. Walimchukua.

Sijawahi kuona uani ule ukikimbiwa upesi namna ile. Kabla saa haijaisha wenye magari walikuwa wameshakuja kuchukua magari yao, na moja lilisukumwa likiwa halina betri. Jioni tulikaa kikao cha dharura. Mpaka Nione alisema yeye alijua tangu mwanzo. Alitaka pipa litolewe kwa mama kesho yake, tugawane kilichomo kwa madumu, kila mtu arudi kujinunulia dukani kama zamani. Wenzangu walianza kuitikia kwa vichwa. Niliumia sana. Fundi ni jina lake, afande. Spana zinanunuliwa, lakini jina likiingia doa hakuna sabuni. Yule bwana ametengeneza magari ya mtaa mzima, na ya wajane hatozi, halafu kwa nusu siku tu akawa mwizi.

Niliomba kumwona, nikaruhusiwa dakika chache hapo kaunta. Nilijaribu kumchangamsha, nikamwambia ovaroli yake inanuka kiasi kwamba mbu wa selo wataomba uhamisho. Hakucheka. Aliniambia, "Shemeji, mama ana miaka sabini na moja. Mimi humu napaweza. Nakuomba unyamaze tu." Nilimwambia nimesikia. Sikumwambia nimekubali. Nilitoka nikaingia kwenye gari nikalia, kisha nikaenda nyumbani kwa sababu kulikuwa na watu wa kula.

Mama aliporudi kwa dada yake akauliza mwanawe yuko wapi. Mume wangu, ambaye kudanganya hajui, alisema amekwenda kituo cha polisi. Tukatazamana. Mimi nikamalizia haraka kwamba ameitwa kutengeneza gari la polisi. Mama alifurahi mno. Alitoka barazani akawaambia majirani kwamba mwanawe sasa anatengeneza magari ya serikali, na kama wana gari bovu wawahi kabla hajawa mtu wa kushikika. Majirani, ambao walimwona akitiwa kwenye gari hilo hilo la serikali, waliinama chini.

Leo asubuhi nimeamka nikaunguza hata maji ya chai. Nilikuwa najiuliza nimtii shemeji au nifuate kweli. Mama nilimkuta uani anafagia pale pa kuegesha magari, anasema panatakiwa pawe pasafi ili wakubwa wakija wasikute uchafu. Pale nilishindwa. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikapiga magoti, nikamweleza yote: maboksi ni ya nini, kwa nini yalikuwa yanarudi, kilichokuwa ndani yake, na mwanawe yuko wapi na amesema nini.

Alinishika mkono akaniinua. Kisha akauliza swali moja, kama ni kweli kwamba yale maboksi yaliyokuwa yanarudi yalikuwa na maana kazi imefanyika. Nikamwambia ndiyo mama, kila boksi lililorudi ni gari lililotengenezwa. Alianza kucheka, machozi yanamtoka. Akasema, "Kumbe mwanangu alikuwa na wateja wote wale." Halafu akasimama bila kushika fimbo, akasema niwashe gari.

Hakukubali tuje huku moja kwa moja. Tulipita kwanza dukani kwa mwenye duka. Mama alimrudishia fedha yake yote, ilikuwa bado imefungwa kwenye pindo la nguo kama alivyopewa, maana alikuwa anaitunza ampe mwanawe mwisho wa mwezi. Kisha akamtaka mbele ya wateja ataje bei aliyonunulia kwake na bei aliyoiandika rafuni. Mwenye duka alitazama dari. Mama akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba yeye ameuza bila kujua na mwenzake amenunua bila kuangalia, na tofauti ni kwamba mwenzake alitumaini mtu mwingine ndiye atakayeumia. Mwenye duka alifunga duka lake, akapanda nyuma ya pikapu yangu mwenyewe kwa hiari, na hivi sasa yuko kwenye benchi hapo nje pamoja na mama. Wanagombana kuhusu bei za masufuria, lakini kwa wema.

Nimeonyeshwa filta kumi na mbili zilizopangwa kwenye meza hii. Nazitambua. Zote zina majina ya magari ya umoja wetu kwa rangi nyeupe, mwandiko wa shemeji, ambao hata mganga hawezi kuuiga. Ya nne kutoka kushoto imeandikwa Bibi Harusi, hilo ni gari langu. Ile yenye kishimo pembeni ni ya Mpaka Nione. Mtu anayetaka kuuza kitu kikuukuu kama kipya hakiandiki jina la mwenyewe kwa rangi nyeupe. Mpaka Nione yuko nje pia, nimempigia simu nikamwambia njoo uone. Ameshaona. Ameniomba msamaha kwa niaba ya kikao, na amesema pipa libaki pale pale lilipo.

Afande ameniuliza kama ninasema haya kumwokoa ndugu. Ndiyo, nataka aokoke, nitafichaje. Lakini ningekuwa nimekuja kusema uongo ningechagua uongo usiomhusisha mama mkwe wangu, kwa maana kesi hii itakwisha leo na mimi nitarudi kuishi naye.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu. Nimesomewa yote kwa sauti, nimeyaona ni sahihi, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA ASKARI MWANDISHI

Nimeyaandika maelezo haya kwa mkono wangu kama shahidi alivyoyatoa. Utani nilijaribu kuupunguza, uliobaki ulishindikana.

Filta zote kumi na mbili zimekaguliwa na majina yaliyoandikwa yanalingana na magari tisa ya umoja. Matatu, yanayokwenda safari ndefu, yalibadilishiwa mara mbili. Simu ya shahidi imeonyesha mazungumzo ya tarehe 6 saa nne na nusu. Mlalamikaji, mwenye duka la spea, ameomba kwa hiari yake kutoendelea na shauri, na ameahidi kumlipia mwalimu mkuu gharama za suruali. Mkuu wa kituo ameagiza mtuhumiwa aachiwe.

Mtuhumiwa alipoletwa kaunta saa sita kasoro robo mchana alimkuta mama yake amesimama. Alianza kunieleza upya kwamba mama hajui lolote na yeye ndiye aliyemtuma. Mama alimkatiza kwa kumshika sikio, mbele yangu na mbele ya wenye pikapu waliokuwa wamefika, akamwambia: "Wewe ni fundi wa magari. Uongo niachie mimi, nimeuza sokoni miaka thelathini."

Kisha alimkumbatia na kuchafuka oili nguo nzima, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Sahihi ya askari: (imewekwa)